Pasta, Piga Magoti

Masomo: Yona 1:1-15, Mhubiri 4:9-12, Yakobo 5:16

 

Wapendwa, niliwaahidi kuwaambia kile kilichonipata Marekani, na mama watoto ameshaniuliza mara mbili kama kweli nitasema yote. Nitasema yote.

Nilialikwa kuhubiri Sacramento, California, kwa Wakenya wenzetu wanaoishi kule. Ilikuwa Januari. Jumamosi ndugu watatu wakasema, Pasta, usirudi nyumbani bila kuona Ziwa Tahoe. Tukapanda milima ya Sierra Nevada kwa gari, theluji pande zote, njiani tukasimama kufunga minyororo kwenye magurudumu ili tusiteleze. Juu ya gari kulikuwa na mitumbwi miwili. Mimi nikadhani ni ya kupigia picha.

Ziwa lile liko mita 1,897 juu ya bahari. Naivasha yetu iko karibu kimo hichohicho, lakini sisi tuko karibu na ikweta, mvuvi wetu anavaa shati tu. Kule miti ilikuwa imebeba theluji mpaka matawi yameinama, na bado ziwa lenyewe halikuwa limeganda. Nikauliza kwa nini. Wakaniambia kina chake kinafika mita 501. Maji ya juu yakipoa yanakuwa mazito, yanazama, na ya chini yenye joto kidogo yanapanda kuchukua nafasi. Majira ya baridi huisha kabla ya maji hayo yote kupoa. Ningeweza kuhubiri hilo peke yake, Amen? Lakini leo siyo hilo.

Pale ufuoni shemasi mmoja, ndiye mkubwa wao, akatupanga kama watoto wa chekechea. Hakuna kuingia majini bila jaketi la kuokoa maisha, tena limefungwa mpaka juu. Akasema maji ni nyuzi 5 hivi. Ukianguka, ile dakika ya kwanza mwili unashtuka na kuvuta pumzi bila wewe kutaka, na kichwa kikiwa chini utavuta maji. Ukivuka hapo, una kama dakika 10 tu za mikono na miguu kukutii. Baada ya hapo una kama saa moja kabla baridi haijakuzimisha fahamu. Hesabu hiyo imetoka kwa Gordon Giesbrecht, profesa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi ili apime. Kuna watu wana wito!

Kisha shemasi akauliza, "Nani hajui kuogelea? Nani hajawahi kupanda mtumbwi?"

Wapendwa, mimi ni mtoto wa shamba. Maji niliyoyajua ni ya mtungi. Kuogelea sijui, mtumbwi sijawahi. Lakini waliniita Pasta, na ujumbe wangu wa kesho yake ulikuwa Petro kutembea juu ya maji. Nikanyamaza. Nikatazama milima kana kwamba swali si langu.

Sasa sikiliza kunyamaza kunavyofanya kazi. Shemasi alikuwa amepanga asiyejua akae naye. Kwa kuwa hakuna aliyesema hajui, akaniweka na kijana mdogo kuliko wote. Kimya changu kilimpa yule kijana mzigo ambao hakuambiwa kwamba anaubeba.

Mwanzoni ilikuwa raha. Ukimya wa theluji ni wa ajabu, unasikia matone yakidondoka kutoka kwenye kafi. Halafu upepo ukaja. Mawimbi hayakuwa makubwa, lakini mimi nilishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yote miwili, nikaegemea upande mmoja, na maji yakaingia. Kijana akapaza sauti nyuma yangu, "Pasta, piga magoti!" Mimi nikafumba macho nikaanza kuomba kwa lugha.

"Hapana Pasta! Piga magoti ndani ya mtumbwi!"

Kumbe mwenye mtumbwi akiona mawimbi anashuka kwenye kiti anapiga magoti, uzito wake ukae chini, chombo kitulie. Nikashuka, magoti ndani ya maji ya barafu, na kweli mtumbwi ukatulia. Shemasi akaja kando yetu, tukarudi polepole.

Ufuoni yule kijana hakusema kitu mpaka tulipobadilisha nguo na kushika chai. Ndipo akasema taratibu, "Pasta, ungetuambia tu. Mke wangu anajifungua mwezi ujao."

Nimehubiri miaka mingi. Sijawahi kuhubiriwa namna hiyo.

Turudi kwa Yona. Siku zote tunamwangalia kama mtu aliyemkimbia Mungu. Waangalie wale mabaharia. Mizigo waliyotupa baharini ni yao, mali yao, jasho lao, na mwenye siri amelala chini usingizi mzito. Tunasema "hii ni yangu na Mungu wangu." Lakini chombo si chako peke yako.

Kuna baba hapa ameachishwa kazi, na bado kila asubuhi anafunga tai anatoka. Kuna aliyeshika pesa za chama na akazigusa kidogo, eti atarudisha mwisho wa mwezi. Kuna dada amekopa kwenye simu kulipa mkopo mwingine wa simu, na mume hajui. Sikutaji. Mimi mwenyewe nilinyamaza penye swali rahisi kuliko lako.

Mhubiri anasema wawili wakilala pamoja hupata moto, na mmoja akianguka mwenzake humwinua. Hata wakufunzi wa maji baridi wanafundisha hivyo: mkianguka wengi, kumbatianeni, joto lisitoke. Lakini atakukumbatiaje asiyejua uko majini?

Jumapili ile sikuhubiri Petro. Nilisimama nikaungama mbele ya kanisa la watu, nikamwomba yule kijana msamaha kwa kumtazama usoni. Akaja mbele tukaomba pamoja. Nasikia mtoto alizaliwa salama, msichana.

Nami siku hizi kila Alhamisi niko bwawani na watoto wa darasa la tatu, upande wa kina kifupi. Wao wanaitwa kwa majina, mimi mwalimu ananiita "mzee wa kofia nyekundu."

Jumatano ushirika wa nyumbani unaanza saa kumi na mbili jioni. Nitafika mapema. Aliye na neno aje kabla ya wengine, tutakaa nje kwenye benchi.