Mita 150 za Toba

Mwaka 1960, huko Squaw Valley nchini Marekani, Mfaransa Victor Arbez aliteleza kwenye theluji kwa kasi kuliko washindani wake wote, na bado akamaliza wa 25. Mchezo ulikuwa baiathloni, ndiyo kwanza unaingia kwenye Olimpiki ya majira ya baridi: kilomita 20 za skii, bunduki mgongoni, na njiani vituo vinne vya kulenga shabaha. Kati ya risasi zake 20, 18 zilikwenda upande. Kila iliyokosa ilimwongezea dakika mbili, akajikuta amebebeshwa dakika 36 ambazo miguu yake haikuweza kuzifidia. Dhahabu ilikwenda kwa Msweden Klas Lestander. Kwa mbio peke yake hakuwa hata kati ya kumi wa mwanzo, ila hakukosa shabaha hata moja.

Leo mchezo huo una namna mbili za kuadhibu. Katika mbio ndefu za mtu mmoja mmoja, risasi iliyokosa kwa kawaida huongeza dakika moja. Dakika hiyo haionekani njiani. Inaandikwa na waamuzi na kumsubiri mchezaji mwishoni. Katika mbio fupi hakuna kinachoandikwa. Aliyekosa anaingia kwenye mzunguko wa mita 150 kando ya uwanja wa shabaha, mara moja kwa kila risasi iliyopotea, kisha anarudi njiani. Akitoka pale, hadaiwi.

Vijana walioshindana katika michezo ya dunia ya vyuo vikuu huko Lake Placid, Marekani, mwezi Januari 2023, na wengine Torino, Italia, miaka miwili baadaye, walibeba bunduki zao chini ya mantiki hiyohiyo. Na ndani yake limo swali ambalo dini zimelibishania kwa karne nyingi: kosa likishalipiwa linakwisha, au linabaki limeandikwa?

Afrika Mashariki haina jina kubwa katika baiathloni, lakini theluji inaijua. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 aliyejifunza skii ukubwani, alishiriki mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimsubiri mwishoni ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kumbatio lile liliwezekana kwa sababu Boit hakuwa amekosea chochote. Alikuwa amechelewa tu. Baiathloni inatenganisha mambo haya mawili kwa ukali: udhaifu wa mwili unaonekana kwenye mbio, kosa linaonekana kwenye shabaha, na kila kimoja kinapimwa peke yake.

Lake Placid ni mbali na Gerezani, jirani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, lakini swali si geni huko. Tuseme muuzaji mmoja wa vipuri, jirani na mafundi wanaogonga vyuma kutwa nzima, amemuuzia dereva pedi za breki za bandia kwa bei ya orijino. Jioni moyo unamsuta. Akiwa Mwislamu, ataswali, ataomba maghufira, pengine atatoa sadaka. Akiwa Mkatoliki, ataungama na kupewa kitubio. Je, amekwisha kutoka kwenye mzunguko?

Zipo adhabu za kidini zinazofanana kabisa na zile mita 150. Aliyevunja kiapo anaambiwa na Kurani alishe au avishe maskini kumi au aache huru mtumwa, na asipoweza afunge siku tatu. Kipimo kinajulikana na mwisho wake unajulikana. Aliyesahau jambo katika swala analeta sijda mbili za kusahau, anatoa salamu, anaendelea na shughuli zake. Mpango huu una rehema kubwa. Humzuia mtu asizame katika majuto, maana anayebaki akiiwazia risasi iliyopita ataikosa na inayofuata.

Lakini dereva hayumo katika hesabu hiyo. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 13, ambaye kitabu chake cha Riyadhus Salihin kinasomeshwa katika darsa nyingi za pwani, anaeleza toba kwa masharti matatu: kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutolirudia. Kosa likigusa haki ya mtu, linaongezeka la nne, kumrudishia mwenyewe. Hadithi sahihi inamtaja mufilisi wa kweli kuwa ni yule anayefika Siku ya Kiyama na swala na saumu zake, kisha zikagawanywa kwa watu aliowadhulumu hadi zikaisha. Huyo alizunguka mizunguko yake yote, na dakika zake zilikuwa bado zimeandikwa.

Wakristo wana Zakayo. Katika Injili ya Luka, mtoza ushuru huyo hakuishia kutoa nusu ya mali yake kwa maskini. Aliahidi pia kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya. Sadaka na fidia alizitaja kila moja peke yake. Na Martin Luther alipochapisha hoja zake 95 mwaka 1517, alikuwa akipinga biashara ya watu kununua nafuu ya adhabu kwa fedha, kana kwamba mzunguko unaweza kulipiwa dirishani bila kuzungukwa.

Kwa hiyo jibu linategemea nani aliyeumia. Kosa kati ya mja na Mola wake lina mita zake 150. Kosa dhidi ya mtu lina dakika, na hazifutiki mpaka mwenye haki alipwe au asamehe. Hatari iko pale tajiri anapochagua adhabu iliyo rahisi kwake: anafuturisha mtaa mzima mwezi wa Ramadhani, au anachangia paa la kanisa, wakati aliowauzia bandia hawajasikia neno lolote kutoka kwake.

Katika mbio za kupokezana, kila mchezaji hupewa risasi tatu za akiba kila anapofika kwenye shabaha. Huzipakia moja moja kwa mkono, na sekunde zinakwenda, lakini akipiga anaepuka adhabu. Muuzaji naye anayo nafasi hiyo mteja akiwa bado kaunta. Mteja akishaondoka, inabaki kumtafuta.

Wapo watakaosema wateja hao hawapatikani, Kariakoo ni bahari ya watu. Kwa mpita njia hilo ni kweli, na wanavyuoni wanaruhusu mali ya asiyejulikana itolewe sadaka kwa niaba yake. Lakini biashara ya jumla ya Kariakoo na Gerezani haifanywi na wasiojulikana. Mteja wa Mbeya, wa Lubumbashi, wa Lusaka au wa Komoro ana jina kwenye daftari na namba kwenye simu. Mwenye duka anayejua alichomuuzia ampigie leo, amwambie kweli, amrudishie pesa yake. Sadaka ifuate baada ya hapo.