Kumjua Mwenyezi Mungu kwa Dalili: Ushahidi wa Mlima na Mto

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu na ardhi na akamtukuza mwanadamu kwa akili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, vijana wetu wengi hutoka Mombasa, Malindi, Lamu na miji mingine ya pwani wakaenda bara kusoma na kutafuta riziki. Miongoni mwao wamo waliofika Nyeri, Karatina, Nanyuki, Meru na Embu, miji iliyouzunguka Mlima Kenya. Huko hukaa na watu wa dini mbalimbali, na wengine wasio na dini kabisa, na huulizwa swali hili: "Wewe wajuaje kwamba yuko Mungu?" Kijana aliyefundishwa kusoma Qur'ani na kuswali, lakini hakufundishwa dalili, hukosa la kujibu. Akirudi nyumbani wakati wa likizo akamuuliza mzazi wake au mwalimu wake wa chuoni swali lile lile, mara nyingi huambiwa: "Nyamaza, hayo ni maneno ya kufuru!" Naye hunyamaza kweli. Walakini shaka haikutoka moyoni mwake. Na jipu lililofunikwa halijapona.

Sisi twasema kuwa kumkemea mwenye kuuliza si kuihifadhi dini. Qur'ani yenyewe yawaita watu mara kwa mara watazame na wafikiri, na iliowalaumu ni wale walioyashika waliyoyakuta kwa baba zao bila ya kuyapima. Na wanavyuoni wa elimu ya Tauhidi, kama Imam Sanusi aliyefariki mwaka 1490, wamesisitiza kwamba Muislamu amjue Mola wake kwa dalili, hata ikiwa ni dalili ya jumla tu, wala asitosheke na kufuata. Basi yatupasa tuwaonyeshe vijana wetu dalili hizo, na tuzichukue katika vitu wanavyoviona kila siku wakiwa Nyeri: mlima, mvua na mto.

Kutoonekana si kutokuwapo

Neno la kwanza wanaloambiwa ni hili: "Mungu haonekani, basi hayuko." Mwenye kukaa Nyeri ajua udhaifu wa hoja hii. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, na pamoja na ukubwa huo hupita siku nzima, na pengine siku kadha wa kadha, usionekane hata kidogo kwa sababu ya mawingu. Je, mgeni aliyeshuka garini siku ya mawingu ana haki ya kusema kwamba hapana mlima?

Tena kiko kisa kilichothibiti katika tarikh. Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alisafiri mpaka Ukambani, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona mlima ule kwa mbali kutoka Kitui, una weupe wa theluji. Mwaka uliotangulia mwenziwe, Johannes Rebmann, alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro. Habari hizi zilipofika Ulaya, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa London, alizikanusha. Haikumwingilia akilini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Kukanusha kwake hakukuyeyusha hata tone moja. Joseph Thomson aliuona Mlima Kenya mwaka 1883, na mwaka 1899 Halford Mackinder akafika kileleni na wenziwe. Na wenyeji wa nchi ile walikuwa wakiujua na kuutaja kabla ya hao wote.

Hatusemi kwamba Mwenyezi Mungu ni kama mlima, likiondoka wingu ataonekana; ametakasika na hayo. Tusemalo ni kwamba kutoona ni habari ya jicho la mtazamaji, wala si hukumu juu ya kilichopo au kisichokuwapo. Na kisichoonekana hujulikana kwa athari yake. Mtu wa Kipini, ambako Mto Tana huingia baharini, hata kama hakupanda bara maisha yake yote, akiyaona maji matamu yakiteremka usiku na mchana hujua kwa yakini kwamba huko juu kiko chanzo.

Kilichozuka kina mwenye kukizusha

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliipanga hoja hii kwa maneno machache: kila kilichozuka baada ya kutokuwapo kina sababu iliyokizusha, na ulimwengu umezuka, basi ulimwengu una sababu iliyouzusha. Sehemu ya kwanza hakuna mwenye akili aikataaye katika mambo yake mwenyewe. Mtu akikuta nyumba imesimama katika kiwanja chake hasemi kuwa imejizukia. Huuliza nani aliyejenga, na huenda barazani kushitaki. Sehemu ya pili ndiyo itakayo kutazamwa.

Ni kitu gani kinachoonekana kuwa cha milele kuliko mlima? Walakini wataalamu wa miamba wametubainishia kwamba Mlima Kenya ni volkano iliyozimika, iliyokuwa ikitoa moto yapata miaka milioni tatu iliyopita. Kwamba zamani ulikuwa mrefu kuliko leo. Na kwamba vilele vyake vya Batian na Nelion ni mabaki ya mwamba uliogandia katika koo la volkano hiyo. Kadhalika barafu yake. Mwishoni mwa karne ya 19 ilihesabiwa mito ya barafu 18 juu ya mlima ule. Leo mingi imetoweka, na iliyobakia yazidi kupungua. Basi hata mlima una mwanzo, una umri, na una kupungua.

Hapa tumkumbuke Nabii Ibrahim (A.S.), ambaye habari yake imo katika Suratul An'am. Aliitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kilipotua alikataa kukifanya Mola. Hoja yake ni ile ile: chenye kubadilika na kuondoka kinatawaliwa, hakitawali.

Na wazee wa Kikuyu waliuita mlima ule Kirinyaga, wakasali kwa Ngai nyuso zao zikiuelekea. Jomo Kenyatta aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1938. Wao hawakusema kwamba jiwe lile ndilo Mungu. Walisema kwamba Mungu ni mmoja, na mlima ni makao yake ajapo duniani. Sisi twamtakasa Mwenyezi Mungu na kukaa mahali. Lakini twaona katika habari hii athari ya fitra: watu ambao hawakuwa na kitabu mikononi mwao walikuwa wakimkiri Muumba. Basi kijana wetu asidhani kwamba kumwamini Mungu ni neno geni lililoletwa huko na wafanya biashara wa pwani.

Moto wa kuazima

Huenda akajibiwa: "Labda kila kitu kimetoka katika kingine, na hicho katika kingine, bila ya mwisho. Tena, kama kila kitu kina muumba, nani aliyemuumba Mungu?"

Tuwape mfano wanaoujua mama zetu. Zamani mtu akizimikiwa na moto jikoni alimtuma mtoto kwa jirani kuazima kaa. Tuseme jirani naye hana, naye amemtuma wake kwa jirani wa tatu, na wa tatu kwa wa nne. Uongeze nyumba kadiri upendavyo, hata zisiwe na hesabu: ikiwa kila nyumba yangojea moto wa kuazima, hapana jiko litakalowaka mji mzima. Ukiona majiko yanawaka, jua kwamba iko nyumba yenye moto wake yenyewe.

Hivyo ndivyo ulivyo ulimwengu. Mlima, mto, mwanadamu na nyota, vyote vyawezekana kuwapo na vyawezekana kutokuwapo. Kuwapo kwao ni kwa kuazima. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alisema kwamba vitu vya namna hii, vijapokuwa vingi namna gani, lazima viishie kwa Yule ambaye kuwapo kwake ni kwa dhati yake, wala hakupewa na mwingine. Na mwenye moto wake haulizwi ameuazima kwa nani. Sisi hatukusema kwamba kila kitu kina muumba. Tulisema kila kilichozuka kina mwenye kukizusha. Mwenyezi Mungu hakuzuka.

Mpango wa mvua na mto

Dalili nyingine aliieleza Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, akaiita dalili ya inaya, yaani namna vitu vilivyopangwa vikawafikiana na uhai wa viumbe. Na dalili hii, enyi watu wa pwani, yaanzia mlangoni mwenu. Jua huyapandisha maji ya bahari hii mnayovua samaki, yakaiacha chumvi chini. Pepo hizi hizi zilizowaleta mababu zetu kwa majahazi huubeba unyevu ule mpaka bara. Ukifika kwenye Mlima Kenya na milima ya Nyandarua hupanda, hupoa, na huwa mvua. Msitu huipokea mvua na kuiachilia kidogo kidogo, na hiyo, zaidi kuliko barafu, ndiyo ijazayo mito. Chania ya Nyeri na Sagana huingia katika Tana. Na Tana huenda kilomita zipatazo 1,000, hupita mabwawa ya umeme kama Masinga lililokamilika mwaka 1981, hukata nchi kavu ya Garissa, hunywesha mashamba ya Wapokomo, kisha huyarudisha maji Kipini katika bahari ile ile yalikotoka.

Watasema: "Hayo ni kazi ya jua na upepo, na kanuni za maumbile." Twasema: kweli, na sisi tumeyataja. Lakini kanuni ni maelezo ya jinsi kazi inavyokwenda, wala si mtenda kazi. Sheria ya mji imeandikwa kwamba mwizi afungwe, na karatasi ile haijapata kumkamata mwizi hata mmoja; askari ndiye amkamataye. Mvuvi ajuaye hesabu ya bamvua na maji mafu hajaiumba bahari wala mwezi. Kadiri tunavyoijua kanuni ndivyo swali linavyozidi nguvu: nani aliyeiweka, na kwa nini ulimwengu una mpango hata ukaweza kusomeka?

Na wakisema kwamba mto huo huo hufurika ukabomoa nyumba, na mvua hiyo hiyo hukosekana watu wakafa njaa, tusiwafiche. Yapo. Inaya si kwamba kila kitu hupita kwa matamanio yetu. Dunia ni nyumba ya mtihani. Hasara ya siku moja haiufuti mpango, kwani hata mafuriko hutambulikana kuwa mafuriko kwa sababu mto una kawaida yake.

Litupasalo sasa

Dalili hizi zamfikisha mtu kujua kwamba yuko Muumba, wa tangu na tangu, mwenye uwezo na hekima. Ama ayapendayo na tumwabudu vipi, hayo akili peke yake haiyafikii. Kwa ajili hiyo walitumwa Mitume. Akili ni jicho na wahyi ni taa, na mwenye kimoja bila cha pili haoni njia.

Enyi wazazi na walimu, mtoto akiuliza, mshukuruni Mwenyezi Mungu kwamba amekuulizeni nyinyi kabla hajamuuliza mwingine. Jibuni mlijualo; msilolijua, nendeni naye kwa ajuaye. Katika kila chuo na kitengwe kipindi kimoja kwa juma cha dalili za Tauhidi, kwa lugha wanayoifahamu watoto. Na nyinyi vijana mlioko Nyeri na miji jirani, jibuni kwa upole na hekima kama tulivyoamrishwa katika Suratun Nahl, wala msimcheke asiyeamini. Huenda hajapata kuelezwa ila kwa makemeo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe imani iliyosimama juu ya ujuzi, na awahifadhi watoto wetu walio mbali nasi. Wabillahi tawfiq.