Kuhamia kwa Jirani ili Kumtawala

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika tuliokuwa tukihudumu, washarika walikosana juu ya kiwanja cha kanisa. Wengine walitaka kijengwe ukumbi wa kukodisha, wengine walitaka shule ya awali. Kura zikapigwa katika mkutano mkuu, na upande wa shule ukashindwa. Wiki chache baadaye wanaume watatu na mama mmoja walikuja ofisini jioni.

“Baba Mchungaji,” alisema mkubwa wao, “hatuna ugomvi tena na mtu. Tunaomba tu tuandikwe katika daftari la mtaa wa mlimani. Tuko kaya ishirini na mbili.”

Tukauliza kwa nini mtaa ule, ambao kanisa lake ni dogo, barabara yake ni mbaya, na washarika wake watu wazima hawafiki arobaini. Hawakutuficha. “Ndiyo sababu yenyewe, Baba. Uchaguzi wa wazee umekaribia. Wao ni wachache. Sisi tukifika tutakuwa na kura za kutosha, na pale kuna uwanja mkubwa. Tutajenga shule yetu bila kubishana na mtu.”

Ni lazima tukiri kwamba wazo lile lilitupendeza. Sisi nasi tuliitaka shule. Wala hapakuwa na kanuni iliyovunjwa, maana Mkristo ana ruhusa ya kusali katika mtaa mwingine, na aliyeandikwa daftarini ana haki ya kupiga kura. Tuliwaomba watupe wiki mbili za kuomba na kufikiri. Makala hii imetokana na wiki hizo mbili.

Swali lenyewe ni hili: je, ni haki mbele za Mungu watu wenye nia moja kuchagua mahali pa watu wachache, wakahamia huko pamoja, ili wapatawale kwa wingi wao?

Swali hili halikuanzia mlimani kwetu. Huko Marekani limejaribiwa zaidi ya mara moja, kwa kipimo cha kaunti, ambayo ni kama wilaya kwetu, na hata kwa kipimo cha jimbo zima. Mwaka 2001 msomi mmoja kijana, Jason Sorens, aliandika kwamba watu wanaotaka serikali iwe ndogo wametawanyika mno, na kwamba watu 20,000 wakihamia pamoja katika jimbo lenye watu wachache sauti yao itasikika. Mwaka 2003 waliojiunga naye walipiga kura kuchagua kati ya majimbo kumi, na New Hampshire ikashinda. Lilikuwa jimbo la watu wapatao milioni moja na robo. Ahadi 20,000 zilitimia mwaka 2016, ingawa waliohama kweli walikuwa wachache kuliko walioahidi.

Wengine waliona hata jimbo dogo ni kubwa mno. Mwaka 2004 kikundi kidogo kiliuchagua mji wa Grafton, huko huko New Hampshire, wenye watu wapatao elfu moja tu. Wenyeji walipopata habari waliitisha mkutano, wakawauliza wageni wale kwa hasira ni nani aliyewaalika. Na wako waliotazama mbali zaidi, katika Kaunti ya Loving, jangwani magharibi mwa Texas. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu huko watu 67. Mtu yeyote anaweza kupiga hesabu hiyo: ukileta watu mia moja, unaweza kuwachagua viongozi wote wa kaunti, pamoja na mkuu wa polisi. Mpango huo haukufika popote, lakini tuitazame hesabu yenyewe. Kwa nini Loving? Watu wale hawakuwa na ndugu huko, wala kazi, wala upendo kwa nchi ile kavu. Kilichowavuta ni uchache wa wenyeji.

Tusiwe wepesi wa kuwahukumu. Kuhama si dhambi. Abramu alihama kwa kuitwa. Wakimbizi huhama kuokoa roho zao, na wamisionari waliotuletea Injili walihama kwao. Kutaka kuishi karibu na watu wa imani yako au mawazo yako nako si dhambi. Tena wapo waliohamia New Hampshire wakatangaza nia yao mchana kweupe, wakakaa na jirani zao kwa amani, wakigombea viti na kushindwa au kushinda kama raia wengine. Katika jimbo la watu zaidi ya milioni moja, watu elfu chache hawawezi kufanya lolote mpaka wawashawishi wengine.

Hapo ndipo tulipoanza kuona tofauti. Kadiri mahali palivyo padogo, ndivyo mgeni anavyopungukiwa na haja ya kumshawishi mwenyeji. Mjini kwetu watu wa shule walipaswa kuwaeleza wenzao, kuwajibu, kuwangoja, na mwisho walishindwa. Walipenda mlimani kwa sababu kule hawangehitaji kumweleza mtu yeyote. Ukimshawishi jirani, umemhesabu kuwa mtu mwenye masikio, akili na dhamiri. Ukimzidi tu kwa idadi, anabaki kuwa namba kwako.

Mwisho wa njia hiyo umeonekana katika Kaunti ya Wasco, jimbo la Oregon. Mwaka 1981 wafuasi wa Bhagwan Shree Rajneesh, mwalimu wa dini kutoka India, walinunua huko shamba kubwa sana la mifugo. Karibu nalo palikuwa na mji mdogo wa Antelope, wenye watu wasiozidi hamsini, wengi wao wastaafu. Wafuasi wakanunua nyumba, wakajiandikisha, wakashinda uchaguzi, na baadaye wakaubadilisha hata jina la mji. Kisha wakaitamani kaunti nzima. Mwaka 1984 waliwaleta kwa mabasi maelfu ya watu wasio na makazi kutoka miji mbalimbali, wakitumaini kura zao. Mwaka huohuo baadhi ya viongozi wao walitia vijidudu vya ugonjwa katika vyakula vya mikahawa ya mji wa The Dalles, wakijaribu njia ya kuwafanya wapiga kura wa kaunti washindwe kutoka siku ya uchaguzi. Watu 751 waliugua. Kufikia mwisho wa mwaka 1985 mwalimu alikuwa amefukuzwa nchini, viongozi wengine wako mikononi mwa sheria, na mji ukarudishiwa jina lake.

Hatusemi kwamba kila anayehama na kundi lake atafika huko. Tunasema kwamba mtu akishazoea kumwona jirani kuwa ni kura ya kuzidiwa, si vigumu tena kumwona kuwa ni kura ya kuondolewa.

Na sisi Walutheri tusijione wasafi. Mwishoni mwa mwaka 1838 Walutheri wapatao mia saba waliondoka Saksonia, Ujerumani, kwa merikebu tano, wakiongozwa na mchungaji Martin Stephan. Waliona kanisa la kwao limeharibika kwa mafundisho ya watu waliotanguliza akili kuliko Neno, wakataka mahali ambapo wataishi peke yao chini ya imani safi. Merikebu moja, Amalia, ilipotea baharini na wote waliokuwamo. Waliofika walinunua ardhi katika Kaunti ya Perry, jimbo la Missouri. Kabla mwaka 1839 haujafika nusu, Stephan, waliyemfanya askofu, alituhumiwa uasherati na matumizi mabaya ya fedha, wakamwondoa na kumvusha mto Mississippi. Waliobaki, wagonjwa na wenye madeni, wakaanza kuulizana: je, sisi bado ni kanisa? Wengine walikuwa wameacha wazazi, wengine wenzi wao wa ndoa, na wachungaji walikuwa wameacha kundi walilokabidhiwa.

Mwezi wa Aprili 1841 walikutana Altenburg, katika kaunti hiyohiyo, wakajadiliana hadharani. Mchungaji kijana, C. F. W. Walther, aliwajibu kwa kuwarudisha kwenye mafundisho ya Kilutheri. Kanisa halifanywi na mahali, wala na askofu, wala na usafi wa waliokusanyika. Lipo popote Neno linapohubiriwa na Sakramenti zinapotolewa, hata katikati ya watu wenye makosa mengi. Jibu hilo liliwafariji, maana Kristo alikuwa pamoja nao hata Perry, wakiwa wameaibika. Lakini tukilisikia vizuri linakata pande mbili. Kama Kristo alikuwa Perry pamoja na wenye aibu, basi alikuwa Saksonia pia, katika makanisa yale waliyoyakimbia.

Martin Luther mwenyewe alituachia mfano. Alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, wenzake wa Wittenberg waliharakisha matengenezo kwa nguvu. Mwezi wa Machi 1522 alirudi mjini, akapanda mimbarani siku nane mfululizo. Mengi waliyoyataka aliyaona kuwa ni sawa. Alichokataa ni kuwaburuta ndugu walio dhaifu kabla Neno halijawafikia moyoni. Alihubiri, akangoja.

Katika wiki zile mbili tulisoma tena Mwanzo 13. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu wanagombana, na nchi haiwatoshi. Abramu, aliye mkubwa na mwenye haki ya kuchagua kwanza, anamwachia kijana achague. Lutu anainua macho, anaona bonde lenye maji, analichukua. Yuko pia mtajwa wa tatu katika habari hiyo, ambaye mara nyingi tunampita. Mstari wa saba unatukumbusha kwamba Wakanaani na Waperizi walikuwa wakikaa katika nchi hiyo. Ndugu wawili wanagawana nchi, na Maandiko hayakubali tuwasahau wenyeji.

Basi tulipanda mlimani kuwasikiliza wenyeji wetu. Tuliwaeleza habari yote. Wazee walinyamaza. Bibi mmoja, aliyekuwa mshiriki pale tangu kanisa likiwa la nyasi, akauliza, “Hao wanakuja kwetu, au wanakuja kwenye uwanja wetu?”

Hatukuwa na la kumjibu. Tulilichukua swali lake tukashuka nalo.

Tuliwaambia wale kaya ishirini na mbili hivi: mlango wa kanisa lolote hatuwezi kumfungia mtu. Nendeni. Lakini nendeni kama Yeremia alivyowaandikia wahamishwa wa Babeli katika sura ya 29, mkautafute kwanza usalama wa mahali hapo na kupaombea. Salini nao, zikeni nao, limeni nao. Katika uchaguzi huu msigombee wala msipige kura. Wakishawafahamu, semeni habari ya shule, nao wawajibu.

Hawakufurahi. Mmoja alituambia kwamba tumeua shule kwa unyenyekevu wa bure, na kwamba watoto hawangoji. Neno hilo lilituchoma, na bado linatuchoma, kwa sababu kuhusu watoto alisema kweli. Kaya mbili ziliuacha usharika kabisa. Nyingi zilibaki mjini. Sita zilipanda mlimani, na jambo la kwanza walilofanya na wenyeji lilikuwa kuchimba mtaro kando ya barabara, kwa sababu hilo ndilo wenyeji waliloomba. Tulipohamishwa kwenda kituo kingine, shule ilikuwa bado haijajengwa, ingawa wazee wa mlimani walikuwa wameanza wenyewe kuizungumzia.

Pengine tungeweza kuwa na madarasa mawili pale kwa muda ule. Hatudai kwamba tulichagua lililo rahisi, wala kwamba hakuna aliyelipa gharama. Lakini tuliona kwamba shule iliyojengwa kwa kumzidi bibi yule kwa idadi ingekuwa imewafundisha watoto somo lake la kwanza kabla hawajaingia darasani.

Mpendwa msomaji, huenda wewe hutahamia Texas wala mlimani. Lakini huenda unafikiria kuhamia usharika mwingine, kwaya nyingine, au kikao kingine ambako watu ni wachache na neno lako litapita upesi. Huenda una haki, na jambo lako ni jema. Kabla hujafunga mizigo, jiulize kama alivyotuuliza bibi yule: ninakwenda kwao, au ninakwenda kwenye uwanja wao? Mwana wa Mungu naye alihamia kwetu, akakaa kwetu. Alikuwa na uwezo wa kutuzidi, akachagua kusema nasi, na kungoja tusikie.