Usitupe Vipande

Nilipokuwa nikisomea biashara chuoni, nilijifunza kisa ambacho kinanihubiria hadi leo. Mwaka wa 1968, mwanasayansi Spencer Silver wa kampuni ya 3M, Marekani, alikuwa anatafuta gundi yenye nguvu sana. Akapata dhaifu: inashika karatasi, lakini ukivuta inabanduka. Kazi imekataa, si ndiyo? Lakini hakuimwaga. Kwa miaka mingi aliendelea kuwaonyesha wenzake.

Mwaka wa 1974, mfanyakazi mwenzake Art Fry, mwimbaji wa kwaya kanisani, alichoshwa na vikaratasi vya alama vilivyokuwa vikianguka kutoka kitabu chake cha nyimbo. Akaikumbuka ile gundi. Kufikia 1980, vikaratasi vya Post-it tunavyobandika ofisini vilikuwa vinauzwa kote Marekani. Gundi kali ingerarua kitabu! Ule udhaifu ndio uliohitajika.

Katika Yohana 6, Yesu alilisha watu 5,000, kisha akaagiza vipande vikusanywe. Vikajaa vikapu 12. Mwenye uwezo wa kuzidisha mkate hakutupa mabaki. Sasa wewe mzazi, mbona unamtupa mtoto kwa sababu ya alama za KCSE?

Sisemi kila kosa ni baraka. Nasema kosa lililofichwa halimsaidii mtu. Wiki hii, lile lililokataa mikononi mwako liombee, kisha lilete kwa ushirika wa nyumbani. Pengine mwenye kitabu cha nyimbo ameketi kando yako. Amina.