Kichwa cha Mtoto ni Amana



Ndugu zangu katika imani, Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini. Usiku akaota, akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamjibu hana ruhusa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliwalaumu vikali kwa kuhukumu wasilolijua, ilhali wangeweza kuuliza.

Hukumu kama ile tunaitoa kwenye viwanja vya shule. Kijana anagongana na mwenzake wakiwania mpira wa kichwa, anainuka akipepesuka, nasi pembeni tunapaza sauti: mwagieni maji, arudi! Tumejuaje kwamba yu mzima? Ubongo hutikisika ndani ya fuvu pasi na damu wala jeraha, na wengi hata hawazimii. Dalili nyingine huja kesho yake: kichwa kinamuuma, anaona kizunguzungu na kichefuchefu, mwanga unamkera, anauliza jambo lile lile, anakasirika ovyo. Mzazi akiyaona hayo asimwite mvivu.

Huko Ottawa, Kanada, mwaka 2013, Rowan Stringer, msichana wa miaka 17, nahodha wa timu ya raga ya shule yake, aligongwa kichwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache. Aliwaandikia rafiki zake kuwa anahisi ubongo umetikisika, kisha akacheza tena. Akafariki. Mwaka 2018 jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake, kwamba anayeshukiwa kuumia hivyo atolewe mchezoni. Sisi tunangoja sheria gani, na kuhifadhi nafsi tumeamrishwa tangu zamani?

Walimu wa michezo, mkishuku tu, mtoeni mtoto, na siku hiyo asirudi hata akilia. Akitapika tena na tena, akipata degedege, maumivu yakizidi au akawa haamshiki, mkimbizeni hospitali. Asiye na hayo naye aonwe na daktari, apumzike siku moja au mbili, simu aipunguze, halafu aanze kutembea na kusoma kidogo kidogo. Wengi hupona ndani ya wiki nne. Kizunguzungu kikimzidi anaposujudu, aswali ameketi. Ruhusa hiyo ni yake, tusimnyime. Kabla ya mpira, kwanza arudi darasani sawasawa. Kisha mbio nyepesi, kisha mazoezi yasiyo na kugongana, na mechi mwisho kabisa, daktari akisharidhia.