Jina Ulilompa Wewe



Jumanne jioni, hapa Chumbageni, upepo wa bahari ulikuwa umeanza kutulia wakati mama mmoja alipoegesha baiskeli yake chini ya mwarobaini. Alifungua fundo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani kwangu. Ilitoka hospitalini Bombo. Neno moja alikuwa amelipigia mstari kwa kalamu: sonona, ugonjwa wa huzuni nzito.

“Baba Mchungaji,” akasema, “mwanangu nilimchagulia jina zuri, nawe ukambatiza kwa jina hilo. Sasa ndiyo ataitwa hivi?”

Nilimvutia kiti, tukakaa kimya kidogo. Ameniruhusu nikusimulie, bila kumtaja.

Mtoto ana miaka 13. Zamani akitoka shule, kengele ya baiskeli yake ilisikika kabla hajakata kona. Kwa miezi kadhaa sasa kengele haisikiki. Anashinda amelala, uso ukutani. Uji unapoa. Akisemeshwa, anafoka. Nyumbani waliona ni kiburi, baba akashika fimbo. Mmoja katika ndugu akasema ni jini, mwingine akasema ni laana. Mwisho wazazi wenyewe wakaanza kutupiana maneno: “Mambo haya yako kwenu, kwetu hayapo.”

Je, nawe umewahi kumwadhibu mtoto kwa kosa, kumbe yalikuwa maumivu?

Wengi wetu hatukufundishwa kwamba huzuni ya mtoto mara nyingi huja imevaa hasira. Mtu mzima akielemewa husema, “Nimechoka na maisha.” Mtoto hana maneno hayo, basi hugombana, hukataa shule, hulalamika tumbo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajafikisha miaka 14. Kwa hiyo nyumba yako haiko peke yake, hata kama hakuna jirani anayelisema jambo hili kibarazani.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua aliyekosa ni nani, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Mzazi mwenzangu, likumbuke jibu hilo usiku, unapohesabu makosa yako moja moja.

Nilimwambia yule mama hivi: daktari hakuandika mwanao ni nani. Ameandika kinachomwuma, ili ajue pa kuanzia. Tena jina la ugonjwa laweza kubadilika mtoto anapokua na daktari anapozidi kumfahamu. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliweka jina jipya kwa watoto wenye hasira zisizokwisha, baada ya kuona wengi wanaandikiwa baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hali hawakuwa nao. Ukiambiwa kesho neno tofauti na la leo, usivunjike moyo. Jina la mtoto wako halijabadilika.

Juu milimani Usambara, wilayani Korogwe, iko hospitali ya Lutindi, ya kanisa letu la Kilutheri. Wamisionari walipofungua makao pale mwaka 1896, waliyafungua kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba ileile ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na mpaka leo inawapokea. Natafakari sana jambo hilo. Mlango mmoja uliwapokea watoto walioitwa watumwa, kisha ukawapokea watu walioitwa vichaa. Upendo ndivyo ulivyo: hauishii kwenye jina ambalo watu wamekubandika.

Na upendo huo tunauanzaje nyumbani? Mtazame Eliya. Nabii yule alikaa chini ya mretemu, akaomba afe. Mungu hakumkemea, wala hakumwambia imani yake ni ndogo. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akaguswa mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, mlimani, kwa sauti ndogo.

Usingizi, chakula, mguso, kisha maneno. Ndiyo kazi ya mzazi kwa majuma mengi yajayo. Mpeleke kliniki siku yake ikifika. Akiandikiwa dawa, usizikatishe bila kumwuliza daktari, hata akionekana amepona. Omba pamoja naye, wala usimtake achague kati ya sala na matibabu. Na akitamka kwamba anataka kufa, mwamini. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Yule baba naye alikuja Alhamisi. Aliniuliza kama inafaa mzazi kumwomba mtoto msamaha. Nilimwambia inafaa, tena haimpunguzii ubaba. Jioni ile alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, “Nilikupiga kwa sababu sikujua. Nisamehe, mwanangu.” Mtoto hakujibu, wala hakugeuka. Ila baba alipoinuka kuondoka, mkono ulitoka chini ya shuka ukamshika upindo wa shati. Baba akakaa tena.

Sijui safari yao itachukua muda gani. Najua tu kwamba uaminifu hupimwa kwa siku moja, na kesho kwa siku nyingine. Kabla yule mama hajapanda baiskeli yake, nilimwomba anitajie jina la mwanawe kwa sauti. Alilitaja, nasi tukaliombea.

Kesho asubuhi, mpendwa, ukimpelekea wako uji, usianze na swali. Anza na jina lake.