Abee, Bibi

Kila nikitoka Mbeya kwenda Iringa, bibi hunipokea kwa jina la marehemu shangazi. Zamani nilimsahihisha; akaulia msiba upya.

Ubuddha, ulioletwa Dar es Salaam na Wasinhala kutoka Ceylon, hufundisha kwamba kila kitu hupita, kwamba kung'ang'ania huzaa mateso, na kwamba hakuna nafsi ya kudumu. Darasani niliyaona maneno baridi. Mbele ya bibi yakawa swali: nilipomsahihisha nilimtetea nani, yeye au jina langu?

Lakini Ubuddha huohuo unakataza uongo. Kwa hiyo sisemi kwamba mimi ni shangazi. Akiita, naitika "Abee, bibi," namwosha miguu. Kama kuitika nako ni uongo, bado sijajua.